Bado na Mabehewa Kumi

Kuna watu wanaokukera kwa maneno, na kuna shemeji yangu, anayekukera kwa kunyamaza. Pale karakana ya treni wanamwita Bado, kwa sababu ukimuuliza kama kazi imeisha, hata kama umekuja roho mkononi, jibu lake ni hilo hilo moja. Hasemi imebaki kiasi gani. Hasemi tatizo ni nini. Anakuangalia kupitia miwani yake iliyofungwa kwa kipande cha waya upande wa kushoto, anasema bado, anarudi kwenye kazi yake. Mimi ni kondakta wa treni. Nimevumilia abiria wanaojifungia chooni kukwepa tiketi, nimevumilia madereva wanaonuna wiki nzima, lakini hakuna aliyewahi kunipandisha presha kama huyu aliyemuoa mdogo wangu.

Tusimwonee, kazi anaijua. Miaka kumi na tisa amekuwa fundi wa mawasiliano ya ndani ya treni, yaani zile nyaya zinazopita behewa hadi behewa zikimpelekea dereva habari: mlango upi umefungwa, breki ipi imeshika, nani amevuta kengele ya hatari. Dereva haoni nyuma. Ana skrini mbele yake tu, na kile anachoambiwa na skrini ndicho anachokiamini. Bado anazijua hizo nyaya hata kwa kuzipapasa gizani. Sasa mwulize shati la shule la mtoto wake liko kabati gani, uone kama atajua.

Taabu ilianza shirika lilipoleta mabehewa mapya sita. Sita hayatoshi treni ya asubuhi, kila mtu anajua, hata wao walijua walipoyanunua. Basi mtu mmoja huko ofisini, kwenye zulia na kiyoyozi, akaamua yaunganishwe na yale manne ya zamani, yawe kumi. Kwa upande wa chuma hakuna shida, unayasukuma yanashikana. Shida ni mazungumzo. Mabehewa ya zamani yana mtandao wao wa pole pole, uliotengenezwa mimi nikiwa msichana wa shule. Mapya yana wao, wa kompyuta, wa mbio. Hayasikilizani hata kidogo. Kikaletwa kisanduku, ukubwa wake kama kasha la viatu, kikae katikati: kisikie habari za mabehewa ya zamani, kizitafsiri, kizifikishe kwenye skrini ya dereva. Kazi ya Bado ilikuwa kukifunga, kukijaribu, kisha kutia saini kwenye kitabu cha makabidhiano. Kwetu treni haitoki karakana bila saini ya fundi kwenye kitabu hicho. Meneja anaweza kupiga meza mpaka mkono uvimbe, treni haitoki.

Kisanduku kikafungwa. Taa zikawaka, vipaza sauti vikasema, skrini ikawa kijani tupu. Meneja wa karakana akaja na mpiga picha na tai mpya, akauliza kama tuko tayari.

Bado akasema bado.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Treni ya asubuhi ikawa inakwenda na mabehewa manne ya zamani peke yake, yamejaa hadi watu wanapumuliana masikioni, huku mapya sita yamepaki yanang'aa, kila abiria anayaona dirishani. Na matusi nani anayala? Kondakta. Mama mmoja aliniuliza kama mabehewa yale ni ya kupeleka maharusi tu. Mzee mwingine, mtu wa heshima zake, aliniambia nina roho mbaya. Mimi! Kama vile funguo nimezificha kwenye sidiria.

Jumatatu ya wiki ya tatu meneja akachoka. Akamwita Bado akamwambia atie saini kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo anahamishwa stesheni ya njia panda, safari ya siku moja na nusu, akatengeneze feni za vyumba vya wasafiri. Na hapo ndipo jambo likaingia nyumbani kwetu.

Mdogo wangu ni nesi. Amemfuata huyu mwanaume uhamisho mara tatu, na mara zote tatu alianza upya, wodi ya usiku, mtu wa mwisho kwenye orodha. Safari hii alikuwa ndiyo kwanza amepewa kuongoza wodi ya watoto. Binti yao alikuwa na mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Akamwambia mumewe uso kwa uso kwamba wakimhamisha atakwenda peke yake, na akishakwenda peke yake asidhani kuna ndoa inayomsubiri. Alikuja kwangu macho yamevimba. Kilichomuuma, aliniambia, si uhamisho wenyewe. Ni kwamba alimuuliza kwa nini hataki kutia saini, akajibiwa kwamba kisanduku hakijakaa sawa, halafu bwana akaendelea kula.

"Dada, nenda wewe," akaniambia. "Wewe anakuheshimu. Mwambie anachagua kati ya kasha na sisi."

Nikaenda Alhamisi mchana, baada ya zamu, na sare yangu mwilini. Nilimkuta amekaa chini kwenye sakafu ya behewa jipya la mwisho, mahali linaposhikana na la kwanza la zamani, maana yale manne yakimaliza zamu ya asubuhi yaliunganishwa tena kwa majaribio, kifuniko cha kisanduku kimefunguliwa. Nikammwagia yote. Nikamwambia mdogo wangu si mzigo wa kubebwa na kutuliwa. Nikamwambia abiria wananitukana kwa sababu yake, na kwamba skrini ni kijani, dunia nzima inaona ni kijani, anataka rangi gani tena. Nikamwambia ana kichwa kigumu na kwamba ugumu wake utamwacha akila ugali baridi peke yake huko njia panda. Hakunikatisha. Nilipomaliza akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akaniomba simu yangu.

Akampigia dereva aliyekuwa amekaa mbele kabisa kwenye kichwa cha treni, akanirudishia simu ikiwa hewani. Kisha tukatembea hadi behewa la kumi, la mwisho kabisa. Akachuchumaa chini ya kiti, akachomoa plagi moja ya mtandao wa zamani, akaiacha ikining'inia. Akanionyesha mlango.

"Fungua, shemeji."

Nikaufungua kwa ufunguo wangu wa kondakta. Ukasogea wote, hadi mwisho. Chini yangu niliona kokoto na mataruma ya reli, na upepo ukaingia kwenye sketi.

"Muulize anaona nini."

Nikamuuliza dereva. Akajibu bila wasiwasi, mtu amekunja nne anakunywa chai: "Kijani. Milango yote imefungwa. Vipi, niondoe?"

Nikashika kile chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Sijui kwa nini, treni ilikuwa imesimama.

Ndipo Bado akaeleza, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Kisanduku kikiacha kusikia habari kutoka mabehewa ya zamani, waya umekatika au maji yameingia, hakisemi kwamba hakisikii. Kinarudia habari ya mwisho iliyokifikia. Kama mara ya mwisho mlango ulikuwa umefungwa, kitaendelea kusema umefungwa hadi kesho kutwa. Alimwambia meneja. Meneja alisema plagi haiwezi kuchomoka yenyewe. Waliouza mabehewa mapya walisema kosa ni la yale ya zamani. Waliotengeneza ya zamani walishafunga kiwanda. Wauza kisanduku walisema ndivyo kilivyoundwa, na kubadilisha itachukua mwezi, na kwa nini asitie saini kwanza.

Niliuliza anataka kisanduku kiseme nini. Akasema kiseme tu kwamba hakijui. Taa iwe njano, treni isiondoke, mtu akaangalie.

Nikaufunga ule mlango, nikaujaribu kwa bega mara mbili, nikashuka.

Sasa hapa ndipo ninapojichukia. Mdogo wangu alikuwa ananisubiri nyumbani kwangu, hajavua hata viatu vya kazini. Akaniuliza, amesemaje? Na mimi nilikuwa nimechoka, nimetoka kupandisha sauti karakana nzima ikinisikia, halafu nimekutwa mjinga. Kueleza yale ya plagi na kisanduku kungenilazimu kukiri kwamba nilikwenda kumlazimisha mtu atie saini kwenye kaburi la watu. Nikajibu kwa kifupi.

"Amekataa. Unamjua alivyo."

Akainamisha kichwa. Nikaongeza, eti kumfariji, kwamba asimfuate tena, amefuata vya kutosha.

Ijumaa Bado akaandika kwenye kitabu, kwa mwandiko wake wa nukta nukta, kwa nini hatii saini. Jumatatu akapanda treni ya njia panda na begi moja. Mkewe, ambaye hakuwa amemsemesha tangu Alhamisi, hakwenda kumuaga. Meneja akamleta fundi mwingine haraka haraka, kijana wa mjini mwenye vyeti vingi. Yule kijana akafungua kitabu, akasoma ule ukurasa, akafunga kalamu yake. Wa tatu hivyo hivyo. Mwezi ukapita na ushee, wauza kisanduku wakaleta mabadiliko huku wananung'unika, yakajaribiwa, yakatiwa saini, mabehewa kumi yakatoka kwa shangwe. Meneja akapigwa picha. Bado hakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Binti akafaulu mtihani. Baba yake alipiga simu, akasema vizuri sana, akakata. Mdogo wangu akaniambia mwanaume yule hana moyo, ana nyaya. Nikacheka naye. Mungu anisamehe, nilicheka.

Mwezi wa tano tangu aondoke, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Tulisimama stesheni ya kabla ya daraja, watu wakapanda, nikapuliza filimbi, treni haikuondoka. Dereva akanipigia: njano, behewa la kumi. Nikalaani. Tulikuwa tumechelewa dakika kumi na mbili tayari, abiria wanagonga vioo. Nikapita mabehewa tisa nikisukumana na mabegi na viwiko, kila mtu ana la kuniambia, na mimi nina la kwangu moyoni kuhusu visanduku na mafundi.

Mlango wa mwisho ulikuwa wazi nusu. Umekwama kwenye maji na matope, na ile plagi ya chini ya kiti imelowa chapa. Ndani watu walikuwa wamejazana hivi kwamba hakuna aliyeona, na dada mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amewapa watu uso, mlango ameupa mgongo. Yaani ameupa mtoto. Alidhani ameegemea mlango, alikuwa ameegemea begi la mtu. Nikamvuta kwa mkono, kwa nguvu, akanitukana. Nikamwacha anitukane.

Baada ya zamu, nikiwa bado nimelowa, nikampigia Bado. Nikamweleza yote. Akauliza njano ilichukua sekunde ngapi kuwaka. Nikamwambia sijui, shemeji, sikuwa na saa. Akasema ichunguzwe, isizidi mbili. Mtu wa aina gani huyu, jamani! Nikamkatia simu nikalia pale pale kwenye benchi la stesheni.

Nikaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu. Alikuwa anapiga pasi sare yake. Sikukaa. Nikamwambia habari ya yule mtoto, halafu nikarudi nyuma, nikamwambia habari ya Alhamisi ile: plagi, mlango wazi, dereva na kijani chake. Pasi ikasimama. Akaiinua kabla haijaunguza kitambaa, akaiweka pembeni polepole.

"Ulijua siku ile ile?"

Nikasema ndiyo.

Akachukua simu, akaiweka mezani, akawasha spika ili na mimi nisikie, akampigia mumewe. Iliita muda mrefu. Bado alipopokea, mdogo wangu alisema neno moja tu, kwa nini hukuniambia.

Tukasikia feni ikizunguka huko aliko. Nikajua atasema bado, au atasema sijui, au atanyamaza mpaka salio liishe. Lakini alijibu, taratibu, kama mtu asiyeelewa kwa nini anaulizwa.

"Nilimwonyesha dada yako kila kitu. Nilijua yeye atakueleza vizuri kuliko mimi. Nikakaa nasubiri upige."

Mdogo wangu akanigeukia, akaniangalia. Mimi nikaangalia pasi.