Mishono ya Simba

Mama mdogo aliyenilea hakuwa na mdomo wa kupumzika. Usipokuwa na maneno, ulikuwa na pini. Alikuwa fundi cherehani, sebule yetu ndiyo ilikuwa karakana yake, na ukiingia kumsalimia ilibidi usubiri ateme pini kwanza ndipo akuitikie. Uzi aliulowesha kwa ulimi ili upite kwenye tundu la sindano, na akimaliza mshono aliukata kwa meno. Mkasi alikuwa nao, ukining'inia shingoni kwa utepe, lakini huo ulikuwa wa vitambaa. Hivyo ndivyo bibi alivyomfundisha, na hivyo ndivyo alivyojaribu kunifundisha mimi, ambaye sijawahi kushona hata kifungo kikakaa.

Alishona magauni ya maharusi. Nguo nyingine alizipokea kwa kuwa watu lazima wavae, ila akiletewa kitambaa cheupe cha harusi uso wake ulibadilika. Alifumba macho na kukipapasa kwa ncha za vidole, taratibu, kutoka pindo hadi pindo. Alidai vidole vyake vinaona kasoro ambazo macho hayazioni. Nilimtania kwamba basi avivalishe miwani. Lakini ilikuwa kweli, na wateja walijua, na ndiyo maana walivuka mafundi kadha wa kadha kumfuata yeye.

Sasa nieleze habari ya simba.

Makumbusho ya mji wetu yako kwenye jumba la zamani lenye madirisha marefu na sakafu ya mbao inayolia ukiikanyaga. Kuna vyungu humo, na sarafu, na picha za watu waliokunja nyuso. Hakuna anayevikumbuka. Kila aliyewahi kuingia anakumbuka simba wa ukumbi wa chini, aliyeuawa zamani, ngozi yake ikajazwa na kusimamishwa juu ya jukwaa, mguu mmoja mbele. Fundi bomba wa mtaani kwetu anaapa kwamba simba huyo alimkonyeza. Mwenye duka la jirani alimpeleka mchumba wake pale, mchumba akapiga yowe na kumrukia shingoni mbele ya watu, na mpaka leo mwenye duka anasema ndoa yake mshenga wake alikuwa simba.

Mimi nilipelekwa na shule, na sikucheka. Nilijificha nyuma ya wenzangu tangu mlangoni. Si kwa sababu ya meno. Ilikuwa ile harufu yake, kavu, ya kabati lililofungwa muda mrefu, na yale macho ya kioo yaliyokuwa yakitazama mahali fulani nyuma yangu. Chini ya tumbo lake, juu ya jukwaa, palikuwa na unga mweupe uliodondoka. Nilimwambia mwalimu kwamba simba anatoka unga. Alinijibu nisiguse kitu.

Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa mtu mzima ninayefanya kazi ya ukarani na bado naishi kwa mama mdogo, mhifadhi wa makumbusho alikuja kubisha hodi. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kuomba radhi hata kwa kiti alichokikalia. Ngozi ya simba ilikuwa imepasuka kuanzia kifuani hadi nyuma ya paja, akaeleza, na wageni walikuwa wakianza kumcheka. Alikuwa amesikia kwamba hakuna mwenye mkono mwepesi kama wa mama mdogo. Je, angekubali kumshona?

Mama mdogo alitema pini zake moja moja, kwa madaha. "Nimewashona mabibi harusi wakali kuliko huyo," alisema. "Nitakuja."

Siku ya kwanza mhifadhi alimkabidhi boksi la glovu. "Hizi za kazi, mama," alimwambia, kisha akaitwa ofisini ghorofani, akaenda. Basi. Hayo ndiyo maelezo yote aliyopewa.

Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. "Ananiona mchafu!" alifoka, akalibwaga boksi mezani. "Mimi! Ninayeshika hariri nyeupe kila siku ya Mungu!"

Nilimtuliza, lakini ukweli nami nilielewa kama alivyoelewa yeye. Nani asingeelewa hivyo? Kuta zote za makumbusho zimejaa vibao: usiguse, mikono yako inaharibu. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba vitu vile ni dhaifu na sisi ndio hatari. Glovu basi zilikuwa za kumkinga simba na mama mdogo. Isitoshe, alisema, ukivaa mpira vidole vinakuwa vipofu, na yeye hashoni kwa macho.

Akajitafutia njia yake. Kila asubuhi, kabla ya kumgusa simba, alikwenda kwenye sinki la wafanyakazi akanawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, akasugua na kucha, akaikausha kwa taulo alilolichukua nyumbani. Alihakikisha mlinzi anamwona, ili habari zimfikie mhifadhi, ambaye mama mdogo alikuwa amekwisha mpachika jina la Bwana Glovu. Akimaliza kazi hakunawa. Anawe nini tena? Si alikuwa ameshanawa. Lile boksi la glovu nililichukua mimi, nikawa nazivaa kuoshea masufuria.

Alimshona simba kwa mishono midogo iliyojificha ndani ya manyoya. Unga mweupe ulipotoka kwenye mpasuko aliupuliza ili aone vizuri. Uzi aliulowesha, uzi aliukata, kama ilivyokuwa kawaida yake. Alipomaliza akapewa chui, kisha swala, kisha kabati zima la ndege waliokuwa wakinyonyoka. Chakula chake cha mchana alikila palepale, kwenye benchi la wageni, mkate mkononi, akiwasikiliza watu.

Hicho ndicho kilichomfurahisha kuliko chochote. Alirudi na hadithi zao. Mama mmoja alimpigia simba magoti akidhani yu hai, alinieleza huku akijishika mbavu. Mzee mmoja alisimama mbele yake mpaka ukumbi ukafungwa, akasema zamani alikuja kumwona akiwa na babake, na leo amekuja kumwona bila babake. "Na hakuna hata mmoja," mama mdogo alisema, "hata mmoja, aliyeona mshono wangu!" Sifa kubwa kwake ilikuwa hiyo, kutoonekana.

Miguu ndiyo ilianza. Alilalamika nyayo zinawaka moto, hata shuka hakutaka imguse. Nikamletea beseni la maji baridi. Kisha tumbo likawa halitulii, na chakula akakisogeza pembeni akisema kina ladha ya bati. Viganja vyake viliota vijipele vigumu. Siku moja nilikuwa nampaka rangi za kucha ili kumchangamsha, nikaona mistari myeupe imekata kila ukucha kwa upana, vidole vyote, kama imechorwa kwa rula. Nikaiweka brashi chini.

"Hii ni nini?"

"Uzee," alijibu. "Ulidhani mimi ni wa chuma?"

Alikwenda zahanati ya mtaani. Waliuliza anafanya kazi gani, akasema fundi cherehani, kwa fahari yake ileile, wakamwambia ni uchovu wa kukanyaga pedali, wakampa vidonge. Alikwenda nyingine. Fundi cherehani. Vidonge. Hakuwahi kusema lolote zaidi ya hilo, kwa sababu kwake lilikuwa linatosha.

Kilichonitia hofu kabisa hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa gauni. Bibi harusi mmoja alilirudisha, kwa adabu, akiwa karibu kulia. Pindo lilikuwa limepinda. Mama mdogo alilichukua, akafumba macho, akapitisha vidole juu ya pindo mara moja, mara mbili, mara tatu. Nilimwona anakunja uso. Vidole vyake vilikuwa havisikii kitu.

"Lifuate kesho," alimwambia yule binti. Binti alipoondoka, mdomo wa mama mdogo ulibaki bila maneno, bila pini.

Siku iliyofuata sikumsikiliza. Nilimpeleka hospitali kubwa kwa nguvu. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye uso uliochoka. Alimshika mikono, akaitazama, akaigeuza, akazitazama kucha kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani."

"Unashona nini?"

"Nguo. Magauni."

Nilitaka kumchekesha, maana chumba kilikuwa kimekuwa kizito. "Dokta, usimsikilize, huyu siku hizi anashona simba," nikasema. "Wale wa makumbusho. Amemshona mpaka chui."

Daktari hakucheka. Aliiweka mikono ya mama mdogo juu ya meza polepole.

"Wale wa zamani? Waliojazwa?"

"Ndiyo."

"Unavaa glovu?"

"Nanawa," alisema mama mdogo, na bado kulikuwa na majivuno katika sauti yake. "Nanawa vizuri sana kabla sijawagusa."

"Na baadaye?"

Mama mdogo aliitazama mikono yake pale mezani.

Vipimo vilithibitisha. Zamani, daktari alieleza, ngozi za namna ile zilipakwa sumu kwa ndani ili wadudu wasizile, na sumu ile haichakai. Inabaki humo, inadondoka kidogo kidogo kama unga mweupe, na mtu anayeipuliza na kuutia uzi mdomoni anaila bila kujua. Mama mdogo aliuliza swali moja tu.

"Mikono yangu itarudi?"

"Tutaitoa sumu mwilini. Miguu itapoa, tumbo litapoa. Vidole..." Daktari alisita. "Vidole sitaki kukudanganya, mama. Tutasubiri tuone."

Bwana Glovu alikuja nyumbani. Hakukaa hata alipokaribishwa. Alisema kwamba watu wa kazi yake wote wanajua jambo hilo, wanalijua sana kiasi kwamba hakuna anayelitamka. Alidhani mama mdogo naye anajua. Aliwahi kumwona bila glovu, akadhani amezivua kwa ajili ya mapumziko. Alitokwa machozi, na mimi sikumhurumia hata chembe. Nilimwambia kwamba vibao vyote vile alivyotundika, hakuona nafasi ya kutundika kimoja cha kusema ukweli? Nilimwambia mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama mdogo ndiye aliyenizuia.

"Mwache," alisema. "Mimi na wewe nasi tulikuwa tunamwogopea simba."

Ukumbi wa chini ulifungwa. Nilisikia watu wanalalamika dukani kwamba wamewapeleka wageni wao bure, simba hayupo. Nikalipia sabuni yangu nikaondoka.

Dawa zilifanya kazi. Nyayo ziliacha kuwaka. Alianza kula, akaanza kunisema tena kwa kuchelewa kurudi, na ulimi wake ukapata makali yake ya zamani. Ile mistari myeupe ilisogea mbele kadiri kucha zilivyokua, ikafika kwenye ncha, nikaikata na kuitupa. Siku hiyo alinyoosha mikono mbele yake akaitazama huku na huku.

"Umeona?" alisema. "Imetoka. Mikono imerudi."

Nilimwambia ndiyo. Nilitaka iwe hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilimwona akivaa shati akahangaika na vifungo, nikajiambia ni haraka zake. Kikombe kilimponyoka nikajiambia kilikuwa kimelowa. Alipompokea binti wa mwenye duka, aliyekuwa anakaribia kuolewa, na kukitandaza kitambaa cheupe mezani, mimi ndiye niliyempangusia cherehani vumbi.

Ilikuwa asubuhi nzuri, dirisha liko wazi. Nilitoka jikoni na chai yake. Alikuwa ameketi mashineni, kitambaa kimemwagika mapajani hadi sakafuni, miguu inakanyaga pedali kwa ule mdundo niliokulia nao, na alikuwa ameinua kichwa kunitazama huku akinihadithia jinsi binti wa mwenye duka anavyotaka mkia wa gauni utoke kanisani wakati yeye ameshafika nyumbani. Alicheka. Nami nikaanza kucheka naye, nikateremsha macho.

Kidole chake cha shahada kilikuwa chini ya sindano. Sindano ilikuwa ikiingia pembeni ya ukucha na kutoka, ikiingia na kutoka, ikienda na mdundo, na juu ya kitambaa cheupe damu ilikuwa imeshatambaa hadi kwenye pindo.

"Mbona umenikodolea macho?" aliuliza, bado anatabasamu, bado anakanyaga. "Nimechekesha, au sijachekesha?"

Niliweka kikombe chini. Nilikwenda nikashika gurudumu la cherehani lisizunguke tena, na hapo ndipo naye akatazama chini.