Lori Langu Pale Njiapanda ya Makambako

Hadi leo naona aibu kupita njiapanda ya Makambako, na nawaeleza mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine huku wanacheka, maana kuna mtu aliumia.

Mhandisi mmoja wa barabara, binti wa kijiji cha Kifanya, alituita wenye malori akasema ana hesabu ya kukisia ajali zitatokea wapi, ila imetungwa nchi za mbali, kwa hiyo lazima airekebishe ifuate mambo ya njiapanda yetu, na kwa kuanzia malori ya viazi yasipakue tena pale kwenye kona kwa sababu yanawaziba madereva wasione. Kona hiyo ndiyo iliyonijengea nyumba Njombe (mimi niliyeishia darasa la tatu!), nikasimama.

"Mwanangu, ajali unaitabiri, kwani wewe mganga?"

Watu wakacheka. Akajibu polepole, "Baba, mimi nahesabu tu. Nisichokijua hapa ndicho nimekuja kuuliza."

"Basi njooni wote niwaonyeshe kona ile haina hatari!"

Ningekaa kimya yangeisha. Nikaegesha lori langu kwenye kona, nikashuka na koti langu la kanisani, nikaanza kuvuka mbele ya lori kwa mwendo wa bwana harusi, wote wakitazama. Ng'ambo, mama muuza parachichi akapiga goti: "Kamwene, baba!" Sasa mzee wa Kibena utaipitaje salamu kama mbuzi? Nikasimama barabarani, nikavua kofia, nikaitikia, nikauliza na habari za watoto. Bodaboda ikachomoza nyuma ya lori, dereva akanikwepa, akajibamiza kwenye nguzo. Mimi nilianguka kwenye matope kwa woga tu, suruali ikachanika mbele ya kadamnasi (hata kovu sina). Yeye mguu ulivunjika, na bado akainua kichwa pale chini, "Baba, hujaumia?"

Hakuna aliyecheka.

Tulipokwisha kumpakia kwenye gari la hospitali, binti akanijia. "Baba, kule hesabu ilikotoka watu hawasimami barabarani kuitikia salamu. Niiandike salamu hiyo kwenye hesabu yangu?"

"Iandike. Na lori. Na jina langu."

"Majina hatuandiki, baba."

Afadhali angeliandika.

Viazi vyangu sasa napakulia nyuma ya soko. Yule dereva anatembea kwa gongo, na kila tukikutana ananiwahi kwa salamu, nami siitikii mpaka wote wawili tumetoka barabarani.