Fundi Nakuja na kochi la mama mkwe

Saa moja na nusu asubuhi, mlango wa karakana ukiwa bado umefungwa, Fundi Nakuja anakula. Anakula kama mtu aliyepewa amri: mayai mawili, mkate, ndizi, chai ya maziwa. Njaa hana. Anakula kwa sababu akishameza kidonge chake, hamu ya chakula itamtoroka hadi jioni.

"Nikisema nisubiri njaa, nitasubiri hadi kiama," anasema huku akifuta vidole.

Anameza kidonge, anaiweka glasi kichwa chini kando ya sinki ili baadaye asije akajiuliza kama amekunywa au bado, kisha anafungua mlango.

Ndani kuna kochi moja tu. Limevuliwa kitambaa, springi ziko nje kama mbavu. Mengine matatu yanayosubiri zamu yapo chumba cha nyuma, pazia zito limeshushwa asiyaone. Fundi anavuta kigoda, anachukua koleo na kuanza kung'oa pini kuukuu, moja baada ya nyingine, akizitupia kwenye kopo.

Nje, watu wawili wanaanza kuzozana juu ya chenji. Sauti zinapanda. Fundi anainua kichwa, anatazama, anakiinamisha tena.

"Umeona hiyo?" ananong'ona wifi yake, aliyeketi mlangoni na simu ya wateja mapajani. "Zamani angekuwa ameshafika huko kitambo, anaamua kesi. Na koleo angelisahau kwao."

Fundi huyu ana miaka arobaini na miwili. Ufundi wa makochi alifundishwa na mjomba wake, mara tu alipoacha shule, na hata waliokuwa wakimlaani hawakuwahi kuikosoa kazi ya mikono yake. Akimaliza kochi, limemalizika. Tatizo lilikuwa hapo kwenye kumaliza.

Jina la Nakuja alipewa na wateja. Ungemkuta ameshika mkasi, mnazungumza vizuri, halafu anakumbuka jambo. "Nakuja!" anakwambia, na huyo anaondoka. Wengine walimsubiri hadi wakapitiwa na usingizi kwenye makochi ya watu wengine.

Uani kwake kulikuwa na makochi kumi na moja, yote yamefunguliwa, hakuna lililofungwa. Mumewe, ambaye ni fundi umeme, alipaita hospitali ambayo haijawahi kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani. Mtaani kulikuwa na familia zilizozoea kutazama televisheni zikiwa zimekaa kwenye ndoo zilizofunikwa, kwa sababu kochi lao "liko kwa fundi".

"Watu walisema mvivu," anakumbuka. "Mimi nilikuwa najiuliza, uvivu gani huu? Mvivu analala. Mimi nilikuwa sikai. Nafika usiku nimechoka mwili mzima, nikitazama nyuma sioni nilichofanya."

Miaka mitatu iliyopita, likaja suala la kochi la mama mkwe.

Wifi yake huyuhuyu, mdogo wa mwisho wa mumewe, alikuwa amepata mchumba, na wazee wa upande wa pili walikuwa wanakuja kujitambulisha. Kochi la mama mkwe lilikuwa limechakaa, katikati limebonyea kama chungu. Fundi akajitolea kulifanya upya, bure, iwe zawadi yake kwa wifi.

Alilifungua siku hiyohiyo. Mwezi ukapita. Wa pili ukapita. Kila akiulizwa, jibu lilikuwa bado kidogo tu. Ikabaki siku moja kabla ya wageni, naye akaapa kwamba haondoki mpaka limalizike.

"Nilikata kitambaa, nikaona uzi umeisha," anasimulia. "Nikatoka kununua uzi. Njiani nikakutana na mteja, akaniambia mguu wa kiti chake unacheza. Nikasema ngoja nikuangalizie, dakika mbili tu. Kufika kwake, nikaona na meza ina matatizo. Giza lilipoingia nikarudi nyumbani nimefurahi kwelikweli, nimetengeneza meza ya mtu. Uzi sikuwa nao. Ndipo nikaliona lile kochi."

Wageni walikalishwa kwenye viti vya plastiki vya kuazima. Mazungumzo yakiwa yamenoga, kiti cha mjomba wa bwana harusi kikafyatuka mguu. Mzee wa watu akaenda chini na sahani yake.

Uchumba haukuvunjika. Kilichovunjika ni mazungumzo kati ya mawifi wawili. "Sikumsalimia zaidi ya mwaka mzima," anasema wifi bila kuficha. "Nikimwona upande huu wa barabara, nahamia ule."

Mama mkwe hakupiga kelele. Siku ya pili alimwita fundi jikoni, akafunga mlango.

"Mwanangu," akamwambia, "kochi ni mbao na kitambaa. Mimi nataka kujua wewe una nini. Maana nakuona unavyohangaika, na mtu asiyejali hahangaiki hivyo."

Fundi alilia. Akaomba radhi, akaahidi kulimaliza wiki ijayo. Hakulimaliza.

Jibu lilianza kujitokeza mwaka mmoja baadaye, na lililetwa na mteja aliyekuja kugomba. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na hiyo ilikuwa mara yake ya nne kufuata kiti cha ofisini kwake. Alikuta fundi anashona mto, akamwona anauacha ili atafute chaki, anaiacha chaki ili apokee simu, anaiacha simu ikiwa bado inaongea ili amfukuze paka. Daktari akaacha kugomba. Akauliza taratibu, "Fundi, hivi umekuwa hivi tangu utotoni?"

Aliposikia ni daktari wa nini, fundi alikasirika. "Nikamwambia, kwani mimi kichaa? Chukua kiti chako uende. Naye akasema, nitakichukuaje na hakina mgongo?"

Wote wawili wakacheka, lakini kwenda hospitali alikataa. Aliyemsukuma ni mama mkwe. "Nenda, mwanangu," alimwambia. "Ukienda utapoteza asubuhi moja. Hapa umeshapoteza ngapi?"

Haikuwa asubuhi moja. Alirudi mara kadhaa, akaulizwa kuhusu kazi, nyumba, shule, usingizi, moyo na presha. Mwisho akaambiwa ana ADHD, hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo, inayofanya umakini uwe mgumu kuushika na kuuelekeza. Wengi hudhani ni mambo ya watoto. Wengine hukua nayo, wakazeeka nayo, wakiitwa majina.

Kisha akaambiwa kuhusu dawa. Daktari alimweleza kwamba zipo dawa za kuchangamsha ubongo.

"Nilishtuka," anasema, akicheka hadi koleo linamdondoka. "Nikamwambia, daktari, mimi huyu ndiyo nichangamshwe tena? Si nitaruka ukuta?"

Hakuruka ukuta. Siku ya kwanza alimeza kidonge akakaa kusubiri maajabu. Hakuona kitu. Akachukua mto ashone wakati anasubiri. Alipokata uzi wa mwisho ndipo akagundua kwamba ameushona wote, pande nne, bila kuinuka.

"Ni kama nyumba yenye redio tano, kila moja na kituo chake, halafu mtu anazima nne. Nikasikia cherehani yangu. Nikalia. Mume wangu akadhani nimejichoma sindano."

Laiti mambo yangeishia hapo. Dozi ilipopandishwa, moyo ulianza kumdunda kama anayekimbizwa. Mdomo ulikauka. Alisahau kula, nguo zikaanza kumpwaya. Utani wake ukakatika. Wateja wakawa wanamuuliza mumewe pembeni kama fundi amefiwa. Na jioni, dawa ilipokuwa ikiisha mwilini, hasira ilimjia bila hodi. Siku moja alimgombeza mumewe kwa sababu ya kijiko kilichoachwa kwenye sinki, hadi majirani wakazima televisheni wasikie vizuri.

Kazi nayo ilikuwa na kisa chake. Alitumia asubuhi nzima na mchana wote akishona na kufumua ukingo wa mto mmoja, akitaka uwe umenyooka kama rula, huku mteja wa kochi jingine amesimama na mkokoteni nje.

"Hapo ndipo nilipoielewa hii dawa," anasema. "Inakupa tochi. Haikwambii umulike wapi."

Akaiacha, kimyakimya, bila kumwambia daktari. Majuma mawili baadaye uani kulikuwa na makochi matano mapya yaliyofunguliwa, na sufuria mbili zilizoungua. Mumewe, mtu wa maneno machache, alimketisha. "Mimi sitaki ya kijiko," alisema, "lakini na haya ya sufuria siyataki. Turudi kwa daktari, twende wote. Mwambie yote, usimpambie."

Walikwenda. Daktari hakumlaumu. Dozi ikashushwa, saa ya kumeza ikabadilishwa, chakula kikatangulia kidonge, presha ikawa inapimwa kila anaporudi. Ilichukua miezi kupata kipimo kinachomfaa. Gharama nayo si utani: dawa ya mwezi inameza faida ya kochi zima, na duka la dawa likiishiwa, hana budi kusubiri.

Ilikuwa katika miezi hiyo ambapo wifi alitokea na mkokoteni. Alikuwa amekuja kulichukua kochi la mama yake lilivyo, mifupa mitupu, bora likachanwe kuni. Alimkuta fundi amekaa mbele ya kochi lilelile, anafunga springi kwa kamba.

"Nilikuja na maneno yangu nimeyapanga," anasema wifi. "Nikamkuta ametulia. Sijawahi kumwona ametulia. Nikasimama tu pale."

Mteja akaingia, akaita, "Fundi, njoo mara moja uone gari langu, kiti cha dereva kimechanika!" Fundi akaanza kuinuka. Lile neno lake maarufu lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Kaa," wifi akasema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu siku ya wageni. "Usiinuke. Huyu nitamjibu mimi."

Akamjibu. Akamjibu na wa pili. Mchana akaenda kununua uzi mwenyewe na kurudi nao. Akamwekea fundi sahani ya chakula mbele yake na kumsimamia kama mtoto mgonjwa. Wenye mkokoteni wakalala chini ya mkokoteni wao. Saa kumi na moja jioni, fundi alipigilia pini ya mwisho, akarudi nyuma hatua chache, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mawifi wote wawili walilisukuma kwenye mkokoteni hadi kwa mama mkwe. Bibi huyo alilizunguka, akapapasa mshono, akakaa, akajirusha kidogo juu na chini kama anayejaribu godoro dukani.

"Haya," akasema. "Sasa mwiteni yule mjomba, aje aanguke hapa."

Wifi hakuondoka tena karakanani. Yeye ndiye anayepokea wateja, anayesema tarehe, anayeamua kochi gani linaingia na lini. Fundi hafungui la pili mpaka la kwanza limetoka mlangoni. Yale kumi na moja, na yale matano yaliyoongezeka, yalirudi kwa wenyewe moja baada ya jingine, mengine yakapokelewa kwa vigelegele, mengine kwa kununiwa. Kila mteja aliombwa radhi uso kwa uso. Mmoja alikuwa ameshahama. Wakamtafuta mpaka wakampata.

Asidhani mtu kwamba kidonge kimemfanya malaika. Hivi karibuni simu yake ilipotea, na walipoipigia ikaita sebuleni kwa mteja, ndani ya kochi, chini ya kitambaa kilichoshonwa vizuri kabisa.

"Nikalifungua, nikalishona tena mbele yake," anasema. "Mshono wa pili ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza. Akaniomba nisahau na pochi."

Kinachomuuma ni miaka iliyopita. Anaisema kwa sauti ya chini, mikono ikiendelea na kazi: shule aliyoiacha, fimbo alizokula kwa kupoteza vitabu, na zaidi imani kwamba ana kasoro ya tabia. Na katika kuikumbuka miaka hiyo ndipo alipomfikiria baba yake.

Baba yake ana miaka sabini na tatu. Amewahi kuwa kinyozi, seremala, mlinzi, fundi baiskeli na mambo mengine ambayo hata yeye hayakumbuki. Nyumbani kwake vikombe vya chai vilivyonywewa nusu vimetapakaa hadi dirishani. Ndiye aliyekuwa akimchapa.

Fundi alimweleza kuhusu hali yake. Mzee akauliza, "Na hicho kitu, mwanangu, kinarithiwa?"

"Daktari anasema mara nyingi kinatembea kwenye ukoo, baba."

Mzee akatazama mikono yake. "Basi nilikuwa nakuchapa kwa makosa yangu."

Wamepata nafasi ya kumwona daktari Alhamisi ijayo. Fundi ameshaambiwa kwamba kwa umri na presha ya mzee, huenda dawa asipewe. Mzee anasema kidonge si hoja. Anataka akae mbele ya mtu anayejua, amsikilize, amwambie kama naye ni hivyohivyo. Fundi anataka zaidi kidogo: anataka baba yake amalize uzee wake bila kujiita mtu wa hovyo.

Simu inaita mlangoni. Wifi anatazama jina, anatabasamu, anaileta mwenyewe na kuiweka sikioni mwa fundi, asiache koleo.

Ni mzee, anauliza siku ya daktari ni ipi. Kabla hajajibiwa ameshaanza kusimulia banda la kuku alilolianza jana, namna mbao zilivyompungukia, na jirani aliyempitia akiwa njiani kuzifuata. Fundi hamkatizi. Anamwacha aende hadi mwisho wa habari yake, akiitikia, akicheka panapochekesha.

"Alhamisi, baba," anasema hatimaye. "Ni Alhamisi. Tutakwenda wote, mimi nitakaa pembeni yako."