Mlango Uliolia Kama Ngoma

Shule nilikaa kiangazi kimoja tu, kwa wamisionari wa Buigiri. Nilipoweza kuandika jina langu nikaona yatosha, nikarudi nyumbani. Mengine yote nimefundishwa na mikono yangu, na sijawahi kumwonea haya mtu kwa hilo. Nataka kueleza nilivyotengeneza mlango wa motokaa enzi za Mjerumani, na nilivyouharibu kwanza.

Nilikuwa kijana, nimeshaoa. Kazi yangu ilikuwa ngozi: kuwamba ngoma, kushona viatu, kukata mikanda. Reli ilikuwa imekwisha kufika Dodoma, na Mzungu mmoja, mpimaji, aliletewa motokaa yake juu ya behewa. Haikuwa na kibanda. Ilikaa juani tangu mavuno hadi mavuno, na jua la Ugogo halimwogopi Mzungu. Ngozi ya milango kwa ndani ikapauka, na mlango mmoja ukachanika.

Mzungu alikuwa na msimamizi, mtu wa pwani, kanzu nyeupe na dharau nyingi. Alikuja kwetu Makole akauliza ni nani anajua ngozi. Nikasema mimi. Akataka kujua kama nimewahi kutengeneza motokaa. Nikasema nimetengeneza nyingi. Uongo mtupu.

"Wewe Mgogo, motokaa umeiona lini?"

"Jana," nikamjibu. "Ilinitimulia vumbi. Wewe ulikuwa nyuma unaisukuma."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Akaniambia mke wa bwana anafika kwa gari moshi baada ya siku nane. Siku hiyo mlango usipokuwa safi, nitapelekwa bomani nikapate hamsa ishirini yangu. Viboko ishirini na vitano, yaani. Nilikuwa na shemeji aliyeipata, na tangu hapo alikuwa analala kifudifudi. Nikauchukua mlango.

Ukweli ni kwamba hofu ilikuja baadaye. Kwanza nilishikwa na hamu ya kujua. Nilikaa na mlango ule uani asubuhi nzima nikiugeuzageuza. Ngozi ilikuwa imepauka kote sawasawa, ila juu, karibu na ukingo, palikuwa na duara kama sahani ndogo, pamesuguliwa hadi pametoboka. Nikajiuliza ni kitu gani kilichosugua pale tu. Ng'ombe mwenye kuwashwa huchagua gogo moja la zizi akalisugua mpaka ling'ae, lakini ndani ya motokaa hamna ng'ombe. Mke wangu akasema labda Mzungu anafuga nyani.

Nikafungua parafujo, nikatoa ubao wa ndani, nikang'oa vijimisumari vyake vya vichwa vya shaba kimoja kimoja. Chini ya ngozi nilikuta nywele. Ndefu, nyeusi, ngumu, zimeshindiliwa kama manyasi ya kitanda. Niliziogopa kidogo, kisha nikazinusa, kisha nikachoma unywele mmoja. Harufu ya mnyama, si mtu. Nikatulia. Baadaye niliambiwa ni mkia wa farasi. Farasi mwenyewe sikuwa nimemwona, ila mkia wake nilikuwa nimekwisha kuuchoma.

Sasa kuwamba. Nilichukua ngozi ya ndama, nikailoweka, nikaivuta juu ya ubao ikiwa mbichi, nikaigongomea misumari pande zote. Ndivyo ninavyowamba ngoma, na ngoma zangu zilikuwa zinasikika Makole hadi Chang'ombe. Nikauweka ubao juu ya paa bapa la tembe letu, juani, ukauke, nikalala mtu mwenye raha.

Baada ya siku tatu nikapanda kuutoa. Ngozi ilikuwa imejikaza, ikauvuta ubao mpaka ukapinda kama ungo. Nikaujaribisha kwenye mlango wa motokaa, haukukaa. Nikaugonga kwa kidole. Ukalia. Nikaugonga tena, na sauti, wallahi, ilikuwa nzuri. Mwanamke aliyekuwa anapita na kuni akasimama kuuliza nani anacheza leo.

Zilibaki siku tano. Ngozi ya kulainisha vizuri, kwa magome ya mgunga na samli, inataka mwezi. Nilianza kuuhisi mgongo wangu kama kitu nilichoazimwa.

Mama yangu alikuwa ameketi kivulini anapepeta mtama. Alikuwa ameyaona yote. Nikaketi karibu naye nikamweleza. Alipepeta hadi akamaliza.

"Ngoma huwambwa mbichi ili ilie," akasema. "Mlango huo wanataka ulie?"

Aliingia ndani akarudi na ngozi ya mbuzi iliyokunjwa. Niliijua. Ndiyo aliyonibebea mimi mgongoni, na ndugu zangu walionifuata. Miaka ya samli na jasho ilikuwa imeilainisha kama sikio la mbwa, na rangi yake ilikuwa nyekundu iliyokolea, karibu na ile ya zamani ya mlango.

Akauliza kama itarudi. Nikamwambia hapana, mama, haitarudi.

"Basi kata upande wa chini. Wa juu niachie."

Ubao niliuloweka, nikaukandamiza kwa mawe mazito siku mbili mpaka ukanyooka. Ngozi niliisugua kwa unga wa mtama kuikata harufu ya samli. Nikazirudisha nywele za farasi, nikafunika bila kuvuta kwa nguvu, na palipokuwa na lile duara nikaweka ngozi mara mbili. Sababu sikuijua. Nilijua tu kwamba kilichosugua kitarudi kusugua.

Siku ya gari moshi nikaurudisha mlango kwenye motokaa, na msimamizi akaja kuukagua. Aliugonga kwa kidole. Haukulia. Akanusa, akasogea pembeni. Mzungu akaja na mkewe. Bwana aliufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, akatazama misumari ya shaba niliyoing'arisha kwa majivu. Mgongo wangu wote ulikuwa unamsikiliza. Akaingia, akaketi, na bila kufikiri akaegemeza kiwiko chake cha kulia juu ya mlango. Juu ya duara lile lile, hakikukosa hata kwa unene wa kidole.

Kumbe kiwiko. Siku nane nilikuwa natafuta ng'ombe.

Motokaa ikaondoka. Msimamizi akaniambia niende zangu, nikaenda na mgongo wangu mzima. Mama aliniuliza bwana amesemaje. Nikamwambia hakusema, ila mahali nilipokuwa nakojoa nikiwa mgongoni kwako, ndipo ameweka kiwiko, na anaonekana ameridhika.

Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini.