Piki ya Marehemu Ilinipita Mlimani

Jamani, mimi nimepitwa na piki ya marehemu.

Sikusimuliwa. Nimepitwa mimi mwenyewe, Ayoubu, mchana kweupe, kwenye mlima, gesi nimeifungua mpaka mkono unauma.

Ngojeni niwaeleze.

Hapa Kasongo mimi ni motari, nabeba abiria. Piki yangu ni mpya, ukibonyeza tu inawaka. Mchumba wangu ni Chadia, binti wa marehemu Papa Muzaliwa.

Huyo mzee aliacha piki moja ya zamani, kubwa, zile za kuchanganya oili na esansi, ile petroli yenu, ndani ya tangi moja. Ilikaa nyuma ya nyumba. Kuku walilala juu ya kiti chake.

Siku moja nilialikwa kula sombe ya majani ya muhogo kwa wakwe. Ibrahim, kaka yake Chadia, akasema wachimba dhahabu wa Lusangi wanaitaka ile injini iwavutie maji mashimoni.

Kiherehere changu! Nikadakia:

"Uzisha tu, shemeji. Hii iko bati. Zamani ilikuwa piki, leo iko kitanda ya kuku. Ikishindana na ya mupya itaona haya."

Watu wakacheka mpaka wakapaliwa.

Mama Chadia alikuwa amesimama mlangoni na birika la kunawia. Hakucheka.

"Mukwe," akaniuliza polepole, "ulishaipanda?"

"Hapana, mama."

"Basi."

Basi tu! Na tarehe ya ndoa, iliyokuwa itajwe siku ile, haikutajwa.

Chadia alinisindikiza barabarani amenuna. "Ayoubu, mudomo yako haina breki."

Nikamwambia atulie. Baada ya Idi wamotari tulikuwa na mashindano, Kasongo mpaka Wamaza, wazi kwa yeyote mwenye piki. Mshindi anakuwa kapita wa parkingi ya sokoni, yaani bosi wetu, ndiye anayepanga nani abebe nani. Nikishinda, mama mkwe atanipa binti bila kuombwa.

Siku ikafika. Usiku mvua ilikuwa imenyesha kweli kweli, njia imekuwa uji.

Tukaondoka kwa makelele. Mbele mimi, nyuma yangu Placide, motari mwenzangu mwenye kifua mbele kama jogoo. Wengine walibaki kwenye madimbwi wakitukanana.

Tukafika kwenye mlima mmoja mrefu wa udongo mwekundu.

Piki yangu ikaanza kulia kama mbuzi. Nikarudisha gia. Ikalia zaidi. Tairi linazunguka, mimi nipo palepale.

Hapo ndipo nikasikia nyuki.

Nyuki wengi, wenye hasira, ndani ya pipa!

Kabla sijageuka, kitu kikanipita. Moshi wa buluu puani, tope mdomoni. Mtu kavaa koti refu la mvua na kaske nyeusi iliyofunika kichwa na uso, kalala juu ya usukani. Na tangi lile nalijua. Jeupe, lina mstari mwekundu.

Piki ya Papa Muzaliwa!

Nikasoma dua zote ninazozijua, na nyingine nikazitunga. Halafu hofu ikageuka hasira. Hakuna mzimu wa kuvaa buti za plastiki. Huyu ni mwizi!

"Weye mujinga!" nikapiga kelele. "Peleka moshi yako kwenu, ukapikie maharagi!"

Yule mtu akainua mkono mmoja, kama anayeaga, akapotea juu ya mlima.

Nikamfukuza. Kwenye tambarare sikuona hata moshi wake.

Tulipokaribia Wamaza, nikaiona piki imesimama kando ya njia. Mwenyewe anatikisa tangi na kusikiliza. Nikashuka na ngumi nimeshakunja.

Akavua kaske.

Kwanza kilemba. Halafu uso.

Mama mkwe wangu.

Macho yangu yakaenda chini yenyewe, kama mkwe anavyopaswa. Ngumi nikazificha mgongoni.

"Mukwe," akasema, "kule kwenye mulima ulikuwa unasema nini? Kelele ya piki ilinizuia kusikia muzuri."

"Nilikuwa... nakusalimia, mama."

Alicheka mpaka akashika kiti cha piki asianguke. Na mimi, ingawa nilikuwa naomba ardhi inimeze, nikajikuta nacheka.

"Mama, nani alikufundisha?"

"Muzaliwa. Mwaka ya kwanza ya ndoa miye ndiye nilikaa nyuma. Mwaka ya pili, yeye ndiye alikaa nyuma." Akapiga tangi kofi. "Lakini esansi imeisha. Hii iko na nguvu, mukwe, ila inakunywa kuliko mulevi wa lutuku. Ya kwako inalamba tu."

Nyuma nikasikia injini ya Placide.

Wandugu, pale nilipima. Nikipanda piki yangu, cheo cha kapita ni changu. Nikibaki, kwaheri.

Lakini utamwachaje mama wa Chadia kwenye tope?

Nikachomoa mpira wa esansi kwenye piki yangu, nikajaza chupa. Yeye akavaa kaske tena, akatoa kopo la oili kwenye koti.

"Esansi yako, oili yangu," akasema, akatikisa chupa kama anayechanganya dawa.

Placide akapita akitupungia, meno yote nje.

Mama akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena.

Nyuki wakaamka!

"Nifuate, mukwe!"

Nimfuate wapi? Nilifuata moshi. Alimkuta Placide kwenye mchanga wa kuingilia Wamaza, piki mpya inayumba kama imelewa, akampita huku mbuzi na watu wakiruka pembeni. Mimi nikafika wa tatu, nacheka peke yangu kama kichaa.

"Nani ule mwanaume?" Placide akauliza, anahema.

Kaske ikavuliwa. Wamama wa soko wakapiga vigelegele. Placide akakaa chini, kwenye tope, bila kuchagua mahali.

Papo hapo mama akamwambia Ibrahim kwa simu kwamba piki haiuzwi. Na ndoa iwe Jumamosi ijayo, watu wasichelewe.

Nikaruka juu kwa furaha. Nilikuwa bado hewani nilipokumbuka zawadi ya mshindi.

Ndiyo, ndugu zangu. Leo kapita wa parkingi ya Kasongo ni mama mkwe wangu. Kila asubuhi napanga foleni, macho chini, nangoja anipe abiria. Na Placide anasema ananipendelea!

Kwa hiyo mkiniuliza kama piki za zamani bado zinashindana na za mupya, nawajibu: ulizeni mlima, msiulize umri. Ila bebeni esansi ya akiba.

Na mtu aliyevaa kaske, usimtukane mpaka aivue.