Tumekula mpaka mbegu

Jamani, mimi na mke wangu tumekula shamba zima kwa siku mbili.

Jumamosi na Jumapili nilialika marafiki wa Kibiti na Ikwiriri, wao na wake zao. Hapa Mbwara hakujawahi kulika vile! Bata watatu. Kambale wa nazi, mkubwa kama mtoto wa darasa la nne. Pilau mpaka paka wa majirani wakahamia kwangu.

Jana mchana mchele ukaisha, na watu bado wanakula. Mama Zuhura akaja kuninong'oneza, "Baba Zuhura, umebaki mpunga wa darini tu. Nitwange?"

Nami, mbele za watu, nikajibu kwa sauti, "Twanga, mke wangu! Kwangu magunia yanaziba mlango!"

Akatwanga.

Ule wa darini ndio ulikuwa mbegu. Hatuna nyingine.

Leo asubuhi mvua imenyesha, kila mtu yuko bondeni anapanda. Nikampigia Shomari wa Ikwiriri, yule aliyemaliza sahani tatu, nikamwomba debe moja tu la mbegu.

Akacheka mpaka akakohoa. "Shehe, wewe wa kuomba mbegu? Hebu niache bwana!" Akakata simu.

Nimewapigia wengine wawili. Nao wamecheka.

Mama Zuhura kakaa kizingitini na jembe lake.

Najua hata nyie mnaosoma hapa mnacheka. Chekeni tu. Ila mwenye mbegu aniambie leo leo, maana udongo ukikauka ndiyo basi.

Wallahi safari hii sisemi uongo.