Kamba Hulala Wapi

Harufu ya masizi hunipandisha hasira mpaka leo. Sisemi moshi wa kuni mbichi wala wa mkaa. Nasema masizi yenyewe, yale meusi yanayonata kwenye miti ya dari ya kibanda ambamo moto hauzimwi. Wenzangu wakikumbuka utoto wao wa kijijini hutaja mvua za kwanza na mahindi ya kuchoma, na mimi huwaacha waendelee. Ninachokumbuka mimi ni kibanda cha baba mkubwa, upande wa Rungwe Mpya kule Kasulu, na kamba yake ya kupandia miti iliyoning'inia juu ya moto kiangazi kimoja. Nilikuwa msichana wa miaka kumi.

Baba alikuwa ameshafariki. Mama na mimi tulibaki katika nyumba aliyotuachia, uani mwa huyo kaka yake, tukila ndizi za migomba ambayo baba aliipanda mwenyewe. Baba mkubwa alikuwa mrina asali. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alijua kupanda. Mizinga yake ya magogo aliitundika juu kabisa ya miyombo, mahali nyegere hafiki. Aliizungusha kamba kwenye shina na kiunoni mwake, akajiegemeza nyuma, akairusha juu kidogo, nayo miguu ikafuata. Kishoka kilikaa mkandani, kienge cha majani makavu kilifuka moshi begani, na ndoo ilimfuata nyuma kwa kamba nyembamba. Kamba kubwa aliisokota mwenyewe kwa gome la mti, na gome lina tabia yake: likiwa na unyevu hupinda na kushika, likikauka huvunjika kama kuni. Kwa hiyo aliilaza chini kivulini nyuma ya nyumba, ndani ya majani mabichi ya migomba, na jioni kabla ya kurina aliiloweka mtoni.

Pamoja na hayo kulikuwa na mwiko. Mwanamke asiiruke kamba ya mti, mkubwa au mdogo, kwani akiiruka itamwangusha mwenye kamba. Na kivuli alichokichagua, kati ya vivuli vyote vya boma lile, kilikuwa kwenye njia yetu ya kwenda migombani. Mama alizunguka mbali kila siku na mkungu wa ndizi kichwani. Mimi siku moja nilikuwa namfukuza kuku. Kuku aliruka, nami nikaruka. Baba mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, akaona, akaja akanichapa miguuni kwa ncha ya kamba ileile.

"Wewe mukobwa, mtoto wa kike, unataka kuniua?" aliuliza.

Tangu siku hiyo kamba haikulala tena chini. Aliifunga darini kibandani kwake, juu ya moto wake wa kuota, ili miguu ya kike isiifikie, wala hakuipeleka tena kuilowekea mtoni wanakopita wanawake. Wiki zikapita, upepo wa Juni ukakausha hata matope ya mtoni, na kamba ikazidi kuwa nyeusi. Mimi niliipita nikiiogopa, maana niliamini kweli kwamba nimeiharibu.

Siku ya kurina tulimfuata porini, mama na mimi, kubeba asali. Mama aliiangalia ile kamba aliyokuwa ameivaa begani. Ilikuwa imesimama yenyewe, haikulegea kufuata mwili.

"Shemeji, hiyo kamba imekauka," alisema kwa adabu zote. "Ilowekwe kwanza. Asali haikimbii."

"Tangu lini mwanamke akajua habari za mti?" baba mkubwa akajibu, na akaanza kupanda. Sikio la kufa halisikii dawa. Alikuwa karibu kuufikia mzinga aliposimama na kujiegemeza nyuma, tukasikia mlio mfupi kama wa kuvunja ukuni gotini. Alianguka pamoja na kienge chake. Mama alizima majani yaliyoshika moto, akamfunga mguu kwa khanga yake, akakimbia kuita wanaume. Baba mkubwa alipelekwa Kabanga hospitali akiwa amelazwa kwenye machela ya miti. Mguu ukapona, ila ulipona umepinda.

Mimi niliokota kipande cha kamba. Mahali kilipokatikia palikuwa pagumu na peusi, na kilinuka masizi. Nilikificha, na ukoo ulipoitisha kikao nikaenda nacho. Baba mkubwa alikuwa amekaa kitini, mguu kwenye kigoda, akaeleza habari za kuku. Habari za moto hakuzigusa.

"Uliruka au hukuruka?" mzee mmoja wa ukoo akaniuliza.

"Ego, ndiyo, niliruka," nilisema. "Lakini kamba ilikuwa juu ya..."

"Mtoto hujibu alichoulizwa."

Mama alikinyanyua kile kipande wakione. Yule mzee alikipokea kwa vidole viwili, akakitupa nje ya ua bila kukitazama. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mbaazi wa ukoo ule ulinisingizia mimi. Waliamua mama arudi kwao Kakonko na mtoto wake mwenye mkosi. Tuliondoka na godoro moja. Migomba ya baba ilikuwa na mikungu inayokaribia kukomaa, na walioila ni wao.

Siku hizi napanda miti kwa mshahara. Nakusanya mbegu za miti ya asili kwa ajili ya bustani ya miche Kibondo. Nina kofia ngumu, mkanda wenye pete za chuma na kamba ya nailoni, na somo la kwanza nililofundishwa kazini ni kwamba kamba haikai juani wala karibu na moto. Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje kidogo.

Mwaka jana kazi ilinipeleka hadi Rungwe Mpya. Nilikuwa nafungua mfuko chini ya mti, baba mkubwa akaja na fimbo yake, amezeeka, akiuburuta mguu. Nilimwamkia, akaitikia. Alitazama vyombo vyangu kimoja kimoja, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Hiyo kamba hulala wapi?"

Swali hilo mama alilingoja kikao kizima, na hakuna aliyeliuliza. Basi baba mkubwa alilijua. Alilijua siku zote, akiwa kitini na mguu wake kwenye kigoda.

"Kivulini, baba mkubwa," nilisema. "Mbali na moto."

 Niliitandaza kamba chini mbele ya miguu yake, nikaikagua yote kwa vidole. Kisha nikairuka, nikageuka, nikairuka tena, yeye akitazama. Nikajifunga, nikapanda.